Walichoambiwa Nyuki wa Hollin

Wakili aliwaeleza polepole, na bado ikabidi arudie, maana mzee Aubrey Gittins alikuwa na tabia ya kujifanya kiziwi penye maneno asiyoyapenda. Vuli ile serikali ilikuwa imetangaza kwamba mashamba ya familia, ambayo kwa miaka mingi yalipita kwa warithi bila kodi, sasa yatatozwa mwenyewe akifa. Sheria ingeanza Aprili, si ile iliyokuwa inakuja, bali ya mwaka wa kufuata. Mzee akifa kabla ya hapo, binti yake Rowena angerithi shamba lote la Hollin bila kulipa kitu. Njia ya pili ilikuwa kumkabidhi shamba sasa hivi, angali hai. Ila kwa njia hiyo mzee angelazimika kuishi miaka saba mizima baada ya kutia sahihi. Akifa mapema, na Aprili ile imeshapita, kodi ingewafuata hadi mlangoni.

"Kwa hiyo nife upesi au nichelewe sana," mzee alisema. "Mtego wameuweka katikati."

Bi Pardoe, ndiye wakili mwenyewe, mwanamke mpole ambaye mafua hayamwishi, alisema yeye asingeliweka hivyo. Akapenga kamasi, akatazama karatasi zake, kisha akakiri kwamba ndivyo ilivyo.

Rowena hakucheka. Tangu habari ile itoke kwenye redio, baba yake alikuwa hana utani mwingine. Asubuhi angeuliza kama dawa ya kuogeshea kondoo inanyweka na maziwa. Jioni angesema amehesabu, anao muda wa kutosha wa kufa kwa starehe kabla ya Aprili. Wazee wengi wa vilima vile vya mpakani na Wales walikuwa wakitania vivyo hivyo majira yale, na si wote waliokuwa wakitania. Rowena alikuwa ameshauficha ufunguo wa kabati la bunduki ndani ya mfuko wa unga, na mzee alikuwa ameshajua, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

"Utatia sahihi," Rowena alimwambia pale pale mbele ya wakili, "na utaishi."

"Mwenye mali ameshaanza kutoa amri," mzee alisema, akachukua kalamu.

Ukitaka kujua walichokuwa wanakipigania, si kikubwa. Hollin ni mteremko. Juu kuna malisho ya kondoo ambayo hata mbuzi angelalamika, na chini, kando ya kijito, kuna mabonde mawili yanayotoa majani ya kukausha. Kwenye karatasi watu wa Hollin ni matajiri, kwa kuwa ardhi imepanda bei kama wazimu. Mfukoni hawana hela ya kubadilisha paa la zizi. Kodi ile ingelipwa kwa kuuza mabonde. Bila mabonde hakuna majani, bila majani kondoo hawavuki baridi, na bila kondoo huo mteremko ni mahali pa kutazamia mvua tu. Wakubwa wa London walijua ekari ni ngapi, lakini baridi ya huko hawakuwahi kuivuka hata mara moja.

Lakini nisiwe mtu wa upande mmoja. Katika baa ya kijijini, jirani yao Clive Beddoes, aliyekuwa amepeleka trekta lake hadi London kupiga honi mbele ya bunge, alikuwa akihutubia kila jioni kwamba serikali inawaua wanaoilisha nchi. Na kila jioni Marian, muuguzi, alimjibu akiwa amekaa na glasi yake: mama yake alikuwa na kijumba kimoja tu mjini, na akifa kitatozwa, hakuna atakayepanda trekta kumlilia, na nusu ya ardhi ile imenunuliwa na mabwana wa benki wasiojua kondoo anatokea wapi, ili wakwepe kodi hiyo hiyo. Rowena aliona Marian ana hoja. Jambo hilo lilimuudhi kuliko lingine lolote.

Kabla hawajaondoka, Bi Pardoe alitoa onyo la mwisho. Ukitoa, umetoa. Sheria haitambui zawadi ambayo mtoaji bado anaifaidi. Mzee angelazimika kulipa kodi ya pango kwa kukaa katika nyumba ile, kulala katika chumba alichozaliwa, kwa bei ya soko. Asichinje kondoo kama wake. Asiuze, asiagize, asiweke jina lake popote. Awe kama mgeni, alisema, mgeni anayelipa.

Mzee alivaa kofia yake akaitikia kwa kichwa. Walirudi hadi kwenye lango lao. Hapo akamwambia Rowena aende akawaambie nyuki.

Nyumba nyingi za kule zina nyuki, na nyumba yenye nyuki ina kazi hii. Mwenye nyumba akifa, hata kabla mchungaji hajaitwa, mtu huchukua ufunguo wa mlango mkubwa, huenda kwenye mizinga, hugonga kila mmoja taratibu, na husema: nyuki, bwana wenu amekufa, na bwana wenu sasa ni fulani. Wasipoambiwa huhama, au hufa humo humo, na nyumba haisimami tena vizuri. Rowena alikuwa mtoto babu yake alipokufa. Alifuatana na bibi yake hadi kwenye mizinga, akaambiwa aweke sikio. Mvumo ulikatika ghafla. Ukakaa kimya, kisha ukarudi, mzito zaidi. Wamepokea, bibi alimwambia, na wakarudi ndani kumwosha marehemu.

Sasa alikwenda peke yake, na ufunguo ule ule wa mlango mkubwa, majani yakivunjika kwa barafu chini ya gambuti zake. Aligonga mzinga wa kwanza. Akasema kwamba Baba amemkabidhi shamba, na kwamba yeye ndiye bwana wao. Akaweka sikio. Nyuki walikuwa wakivuma chini kwa chini, mvumo wao wa baridi, kama hakuna aliyesema kitu. Akasema tena, kwa sauti zaidi. Hawakumjali.

Tuseme ukweli: Rowena alikuwa amelingoja shamba lile maisha yake yote. Alikuwa amelilimia, amekosa usingizi kwa ajili yake, amewakataa wanaume wawili kwa sababu hawakutaka kuishi kwenye mteremko. Karatasi zilikuwa zimeshatiwa sahihi, lakini aliposimama pale akaona kwamba shamba lenyewe halina habari. Alitaka lijue. Na maneno ya kazi ile alikuwa anayajua namna moja tu, kama bibi alivyomfundisha, kwa sababu katika nyumba ile hakuna bwana aliyewahi kuachia akiwa bado anapumua.

"Nyuki," alisema, "bwana wenu Aubrey Gittins amekufa. Bwana wenu sasa ni mimi."

Mvumo ulikatika. Alingoja na sikio lake juu ya ubao wa baridi, akaanza kujutia, kisha ukarudi, mzito. Akasogea kwenye mzinga wa pili akainua ufunguo agonge. Ndani kulikuwa kumeshakuwa kimya. Wa tatu vilevile, na wote waliobaki hadi mwisho wa ukuta, kimya, bila kugongwa. Wakarudi kuvuma kwa pamoja, na Rowena akatembea upesi hadi jikoni.

Mzee alimuuliza amewaambia nini. Akasema amewaambia shamba limepewa yeye, na wamepokea. Baba yake alisema vizuri, akavua viatu.

Jioni hiyo mbwa wao Moss aliingia, akampita mzee, akajilaza juu ya miguu ya Rowena. Mzee alipiga ulimi kumwita kama alivyomwita tangu akiwa kitoto. Moss hakusogeza hata sikio. Mzee akaita tena, akacheka, akasema mbwa naye amesoma mkataba.

Mambo hayakuja kwa kishindo. Mleta barua alianza kumsalimia Rowena peke yake, hata mzee akiwa amesimama mlangoni. Kondoo, ambao hukimbia hata kivuli cha wingu, walimwacha apite katikati yao bila kuacha kutafuna. Mnadani, mzee aliinua kidole kununua kondoo majike kwa ajili ya Rowena, na jicho la dalali likapita juu yake likaenda kwa mtu wa nyuma. Mzee alikasirika. Alipaza sauti, alimtaja dalali kwa jina, alimtaja na mama yake. Waliokuwa karibu walipandisha kola za makoti yao kana kwamba mlango umeachwa wazi. Rowena alimshika mkono akamtoa nje, na mtu mmoja akamtazama Rowena jinsi anavyotembea ameshikilia hewa.

Nyumbani, mzee aliendelea kutii sheria. Kila mwezi aliweka pauni zake za pango ndani ya kopo la biskuti mezani. Alinunua mayai ya kuku aliowalea mwenyewe. Rowena alipomwambia aache upuuzi, alisema hataki mtu wa kodi aje kusema alikuwa anafaidi. Wakati mwingine Rowena alijiuliza ni nani hasa aliyemfuta baba yake, nyuki au Bi Pardoe.

Majira ya kuzaa kondoo yalipokwisha, Clive Beddoes alikuja na pai ya nyama kutoka kwa mkewe. Alikaa jikoni. Mzee alikuwa amekaa kiti cha pili, magoti yao karibu yagusane. Clive alisema mkewe anatoa pole sana. Akasema Aubrey alikuwa mtu wa kweli, mbishi lakini wa kweli. Akakunja uso, akasema ajabu, hakumbuki mazishi yalikuwa lini, na alikuwa ana hakika asingeyakosa.

Rowena alitaka kusema kwamba mtu mwenyewe huyo hapo. Alifungua kinywa. Clive alifuata macho yake hadi kwenye kiti, akakitazama muda mrefu.

"Koti lake bado umeliacha hapo," alisema, na akatoa leso.

Mzee hakupiga kelele safari hii. Alimtazama rafiki yake wa utotoni akilia mbele yake. Rowena aliona, akaogopa, na bado hakusema alichowaambia nyuki. Alijiambia ni uzee, ni watu kusahau, ni majira magumu. Alijiambia miaka saba itapita, kisha watatafuta dawa.

Ilipofika vuli mzee alipanda trekta kwenda kukata magugu ya mteremko wa juu. Rowena alikuwa zizini aliposikia injini inabadilika, ikapanda sauti, ikanyamaza. Alikimbia. Trekta lilikuwa limelala magurudumu juu, na mguu wa suruali ya baba yake ulikuwa umetokeza chini yake. Hakuweza kuliinua. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuinua chombo kile. Alipiga simu akipiga mayowe, akakimbia hadi langoni kuwaonyesha njia watu wa gari la wagonjwa, na aliporudi nao mteremkoni mguu haukuwepo tena.

Mzee alikuwa amekaa kwenye nyasi pembeni. Upande mmoja wa kifua chake ulikuwa umeingia ndani kama kofia iliyokaliwa. Hapakuwa na damu, hata tone.

Watu wa gari la wagonjwa walizunguka trekta. Walimulika chini yake. Mmoja wao alipita karibu na mzee hadi akamkanyaga vidole, na hakutazama chini. Alimuuliza Rowena nani alikuwa anaendesha.

"Mimi," Rowena alisema, maana angesema nini.

Yule mtu alimtazama, mzima, hana hata mkwaruzo, akamwambia ana bahati ya ajabu.

Tangu siku hiyo mzee hakula. Alikaa karibu na jiko na hakupata joto. Kila pumzi ilitoka na mlio wa lango lisilotiwa mafuta, na Rowena aliusikia popote alipokuwa ndani ya nyumba, hata akiweka redio juu. Dawa za maumivu zilipita kwake bure. Hakulala, alisema usingizi unamkaribia, unamtazama, unaondoka. Rowena alimpigia simu Marian, yule muuguzi, aje amwone mgonjwa. Marian alikuja na mkoba wake, akanywa chai, akamuuliza Rowena kwa upole kama analala vizuri siku hizi, anakula, ana mtu wa kuongea naye. Alipokuwa anaondoka alimkumbatia na kumwambia kufiwa kunachukua muda.

Lango lilipofungwa, mzee aliuliza swali alilopaswa kuuliza mwaka mzima nyuma.

"Uliwaambia nini wale nyuki?"

Rowena alimwambia. Alimwambia yote, hadi sababu, hadi ile tamaa ya kutaka shamba limjue. Alilia kwa aibu. Mzee alisikiliza huku akipumua na ule mlio wake.

"Basi ndiyo maana," alisema. "Mimi nimeshakufa. Nitakufaje tena?"

Hakumkaripia, na hilo ndilo lililomuuma Rowena zaidi. Alikuwa ameshafikiria mbele, kama mtu anayepanga mavuno. Rowena aende akawaambie nyuki kwamba yu hai. Akiwa hai kifua hiki kitamaliza kazi yake, pengine siku hiyo hiyo, na Aprili haijafika. Shamba litapita safi, bila kodi, bila miaka saba, na Bi Pardoe atafute watu wengine wa kuwapigia chafya.

Rowena alikataa. Naye alikuwa na hesabu yake. Kama Baba hawezi kufa, basi miaka saba itatimia tu, hata wakitaka wasitake; mbona asikae? Atamwekea kiti dirishani, atamsomea gazeti, atamwashia moto mkubwa.

"Na kifua hiki?" mzee aliuliza.

"Tutazoea."

"Tutazoea," mzee alirudia. "Wewe na nani?"

Rowena alitoka akaenda kulisha mbwa. Huo ulikuwa ukatili, na alijua ni ukatili hata wakati anaufanya. Siku zilizofuata mzee aliomba tena, kila mara kwa sababu ya shamba. Alitaja mabonde, alitaja majani, alitaja Aprili. Rowena naye alijibu kwa shamba, miaka saba, karatasi, hatari ya wakaguzi. Mwishowe akamwahidi kwamba Krismasi ikipita atachukua ufunguo aende kwenye mizinga. Mzee alimshukuru. Rowena aliingia stoo, akasimama kati ya magunia ya viazi hadi alipoweza kurudi na uso wa kawaida.

Siku mbili tatu kabla ya Krismasi alishuka mjini kununua mahitaji. Barabara nzima ilikuwa na kelele. Clive Beddoes alikuwa amesimama mbele ya duka la nyama akiwakumbatia watu ambao kwa kawaida hata hawasalimii. Serikali ilikuwa imelegeza. Haikuifuta kodi, lakini ilikuwa imeinua kiwango juu sana, na mashamba ya ukubwa kama wa kwao yalikuwa yamebaki chini yake. Clive alimshika Rowena mabega. Alimwambia Hollin haiguswi. Laiti Aubrey angekuwepo kusikia. Alisema mchana atapita na chupa ya pombe yake ya matufaha wanywe kwa jina la marehemu.

Rowena aliendesha gari kwa kasi kuliko inavyofaa njia zile. Alikuwa anaimba. Hakuna tena Aprili, hakuna tena miaka saba. Shamba ni lao vyovyote itakavyokuwa, na hakuna mtu anayehitaji kufa kwa ajili yake. Aliingia jikoni bado amevaa gambuti akamwambia baba yake yote, akirudia, akichanganya maneno.

Mzee alifumba macho.

"Vizuri," mzee alisema. "Vizuri sana. Mabonde yamepona." Akapumua mara kadhaa. "Sasa chukua ufunguo."

Rowena alidhani hajasikia. Alimweleza tena, taratibu, kama Bi Pardoe. Haina haja sasa. Afe kabla ya Aprili, afe baada, ni mamoja. Hakuna anayemdai kifo.

"Nimesikia, mwanangu. Si kiziwi." Aliweka mkono juu ya ule upande ulioingia ndani. "Sikuwa nakuomba kwa ajili ya shamba. Nilisema shamba kwa sababu nilijua hilo utalielewa. Naumwa, Rowena. Naumwa kila saa, na haliishi. Na nimechoka kukaa nyumbani kwangu hata mbwa hanitazami."

Jiko lilikuwa linawaka na bado chumba kile kilikuwa cha baridi. Rowena alikaa chini kwenye sakafu, mgongo kwenye kabati, kama alivyokuwa akikaa alipokuwa mdogo na kununiwa na dunia.

"Nami sikukataa kwa ajili ya shamba," alisema. "Niliogopa kubaki peke yangu."

"Najua. Ndiyo maana nikangoja Krismasi."

Alinyanyuka. Ufunguo ulikuwa msumarini. Mlangoni aligeuka akamuuliza kama anataka kitu kwanza, chai, blanketi, na mzee akasema chai ataitaka Rowena atakaporudi.

Mizinga ilikuwa imefunikwa na theluji nyembamba. Hakuhitaji kugonga zaidi ya mmoja, hilo alikuwa ameshajifunza. Alipiga magoti, akagonga, akaweka mdomo karibu na tundu ambalo nyuki hutokea wakati wa joto. Maneno hayakuwepo, bibi hakumfundisha, kwa hiyo alisema yake.

"Niliwadanganya. Bwana wenu hakufa. Aubrey Gittins yu hai, yuko jikoni. Mimi ni binti yake tu."

Kimya. Kilidumu hadi magoti yake yakafa ganzi. Hakuweka sikio. Hakutaka kujua wamepokea au hawakupokea. Kisha ndani ya nyumba Moss akaanza kubweka, ule mbweko wake wa mtu kurudi kutoka safari, akabweka na kubweka na kulia kwa furaha, na wakati huo huo gari la Clive likaingia uani.

Rowena alipofika mlangoni, Clive alikuwa ameshatangulia. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, chupa kwapani, kofia mkononi, akiwa amekasirika kwa furaha.

"Mzee mbaya wewe," alikuwa anasema. "Ulikuwa umejichimbia wapi? Mara ngapi napita hapa nakukosa! Hata juzi nilimwambia mke wangu, Aubrey siku hizi anajiona mkubwa."

Hakukumbuka kitu. Pai, pole, leso, vyote vilikuwa vimemtoka. Mzee alimwambia akae, aache kumwaga theluji sakafuni. Moss alikuwa ameweka kichwa juu ya paja la mzee na hakuna ambaye angemwondoa. Mzee akasema ana njaa. Rowena alimkatia nyama ya kondoo ya baridi, mkate, vitunguu vya siki, na mzee akala yote akasogeza sahani mbele aongezewe. Mashavu yake yalikuwa yamepata rangi. Pumzi yake haikuwa na mlio tena.

Walikunywa. Clive alisimulia London tena, trekta, honi, polisi aliyeomba apigwe picha. Mzee alimkosoa kila mahali alipoongeza chumvi. Wakamkumbuka fahali mmoja wa zamani aliyewapandisha wote wawili juu ya mti wakiwa wavulana, wakacheka hadi Clive akakohoa. Rowena alisimama karibu na sinki akiwatazama. Nje mwanga ulikuwa unaanza kupungua.

Ndipo alipoona. Kwenye shati la mzee, upande ule, kulikuwa na doa jekundu, dogo kama kifungo. Alipotazama tena lilikuwa kubwa kama kiganja. Damu ya tangu vuli ilikuwa inatoka sasa. Mzee aliona anavyotazama. Bila kukatiza maneno ya Clive, alivuta koti lake na kufunga vifungo, kimoja kimoja, hadi juu.

"Sasa huna haraka ya kufa tena, mzee," Clive alisema, akimjazia glasi. "Serikali imekupa ruhusa. Kaa utakavyo."

"Wamenifanyia wema," mzee alisema. Akamgeukia Rowena. "Mwanangu, ile chai."

Rowena alichukua birika. Alilijaza maji hadi ukingoni ili lichelewe kuchemka.